Programu ya Mama Aurélie

Mama Aurélie aliomba kitu kidogo tu, na kitu kile kidogo kikamunyima Mulumba usingizi.

Mama alikuwa na duka pale bandarini Nchelenge, la chumvi, vitenge na nyimbo. Ndiyo, nyimbo: mutu analeta kadi ya kumbukumbu ya simu yake, anataja kwaya anayoipenda, naye anamujazia. Programu ya kazi hiyo aliitengeneza Mulumba, Mukongomani mwenzake, fundi wa kompyuta aliyevuka ziwa peke yake na kubaki peke yake. Ubaya wake, ili kupata wimbo mumoja unafungua dosie, yaani folda, kisha dosie ndani ya dosie, mpaka kichwa kinauma. Basi karibu kila saa sita ya muchana simu ya Mulumba ililia: "Ndugu, kuya kidogo, nimepotea tena." Anaenda, anautafuta wimbo, na akigeuka anakuta bukari, ugali wa kwao, na samaki mezani. Nani atakataa? Wanakula, wanaongea Kiswahili chao mpaka jua linapinda. Kwingine kote muji ulisema Kibemba, na Kibemba cha Mulumba kiliishia kwenye salamu. Siku ambayo simu haikulia, hakuongea na mutu.

Sasa Mama Aurélie alikuwa anahamia kisiwa cha Kilwa, mule mule ziwani, kwa binti yake Aurélie, na duka lote linaenda naye.

"Aurélie njo atakaa na ile ordinatere," alimuambia, akiigusa kompyuta. "Utengeneze namna ya kukamata wimbo, kuuvuta, kuuachilia mu kadi, bas. Kule ni boti tu. Utakuya kila siku na boti gani?"

"Ile ni kazi nguvu, Mama. Itachukua muda."

Uongo mutupu. Ilikuwa kazi ya muchana mumoja. Lakini wiki zikapita akisema bado, bado kidogo, huku anakula bukari ya watu na uso ameukunja kama mutu aliyelemewa. Alijua ni aibu, na alikula.

Mwishowe aliitengeneza, na alipoijaribu nyumbani, wimbo aliouvuta uliingia kwenye kadi vizuri, ila kwenye kompyuta haukuonekana tena. Mulumba alicheka peke yake. Alikulia kwenye nyavu, na samaki ukimuvuta ukamutia mutumbwini, habaki majini. Kichwa cha muvuvi kiliandika programu: ilihamisha nyimbo badala ya kuzinakili. Kurekebisha kulitaka neno moja tu.

Neno moja, na hakulibadilisha. Akiiacha hivyo, nyimbo za Aurélie zitakwisha kwa kutorokea kwenye kadi za wateja, na Mama atapiga simu: ndugu, panda boti, tumeharibikiwa. Atapokelewa, atalala kule, ataongea mpaka koo likauke. Alilitamani jambo hilo kwa moyo wake wote. Akaifunga kompyuta, akaifungua, akaifunga tena.

Siku ya safari, mizigo ikiwa tayari botini, alilibadilisha lile neno. Akamuonyesha Mama: wimbo ukavutwa, ukaingia kwenye kadi, na bado ukabaki mahali pake kwenye kompyuta.

"Lakini ikikataa, utaniita," alisema. "Zile dosie zinakuchanganya."

Mama Aurélie alimutazama.

"Ndugu, zile dosie nilizijua tangu mvua ya mwaka jana. Nilikuwa nakuita ukule na batu, si peke yako. Ulikuwa unakonda, na kama ningekuita bure ungekataa."

Mulumba aliuliza: "Na sasa nitakula na nani?"

"Musonda fundi wa injini ni jirani yako tangu ulifika. Uliingia kwake siku gani?"

"Sina kitu cha kutengeneza kwake."

"Hata miye sikukuwa nacho, na ulikuya."

Boti ikaondoka naye.

Kesho yake saa sita ilifika, simu ikanyamaza. Mulumba alivumilia kidogo, kisha akatoka, akasimama mulangoni kwa Musonda. Musonda aliinua uso kutoka kwenye injini, akamuuliza kwa Kibemba nini kimeharibika. Mulumba alimusalimu kwa Kibemba, na Kibemba chake kikaishia hapo.

"Hakuna kitu," alisema kwa Kiswahili. "Sijaongea na mutu tangu jana."

Musonda, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kuuza na kununua tu, alishika neno "kitu" peke yake; alipangusa mikono yake, akainyoosha, akangoja apewe kilichoharibika.