Lango la Majaruba

Jihan, binti wa muuza vitambaa wa Ifakara, alisoma sekondari na Eveline, ambaye sasa anaishi Mlimba. Jumamosi walikutana mtandaoni, ndani ya mchezo wa kujenga dunia. Humo walikuwa na mto wao, mfereji na majaruba ya mpunga. Mtoni Jihan alikuwa ameweka kompyuta ya humohumo mchezoni. Mvua ikianza, ilituma neno "funga" kwa kompyuta ya pili, iliyokuwa mbali kwenye lango la majaruba, nayo ilitakiwa kulifunga.

Lakini kila walipokwenda kutazama baada ya mvua, lango lilikuwa wazi na maji yanaingia. Eveline alisema kwenye simu kwamba huenda skripti, yaani maagizo iliyoandikiwa kompyuta ya mtoni, ina kosa. Jihan akaipitia mstari kwa mstari, asione kitu, akamrudishia: labda kompyuta ya langoni ndiyo haisikii. Wakanuniana kidogo. Mwishowe Eveline akaenda kusimama langoni ajionee. Mvua ikanyesha, lango likajifunga vizuri tu. Akarudi mtoni. Mvua iliyofuata, mpunga ukazama tena.

"Mbona nikiwepo linajifunga, nikiondoka linagoma?" aliuliza.

Swali hilo lilimkaa Jihan kichwani. Alimwomba mwenzake arudi langoni, kisha aondoke polepole huku yeye akituma neno mara kwa mara. Neno lilifika, likafika tena. Eveline alipovuka kilima, halikufika. Aliporudi upande wa lango, likafika.

"Eve, pale pakikosa mtu panalala," Jihan akasema. "Mchezo unapazima pote, pamoja na kompyuta yake; hata maji husimama mpaka mtu arudi. Tunamtumia neno aliyelala."

Akabadilisha skripti: kompyuta ya mtoni irudie kutuma mpaka ile ya langoni ijibu "nimepata". Eveline akaandika upande wa jibu. Mvua ikanyesha akiwa mbali. Alipokaribia, lango liliamka, likapokea neno, likajifunga kabla maji hayajaingia. Akazunguka majaruba yote akiyatazama, hana haraka.

Jihan alikuwa ameshaaga, anataka kwenda kumsaidia mama yake kufunga duka, Eveline alipouliza: na hilo jibu likipotea njiani, mto utajuaje kwamba lango limepata neno?

Jihan akakaa tena. Mama alifunga duka peke yake.