Sakafu za Mzee Fabian

Theodora alipenda vitu viwili kupita kiasi: maparachichi na jedwali lake la kompyuta. Kamati ya ujenzi wa shule ya parokia, huko Kilema, ilimwajiri awakague makandarasi, naye aliwakagua kweli. Kila kazi ilikuwa na mstari wake: nani kaifanya, lini, imekubaliwa au imerudiwa, na chanzo cha kurudiwa. Iliyokubaliwa aliipaka kijani, iliyorudiwa nyekundu. Mafundi walimwita Mama Rangi, ila akiwa mbali.

Sasa mistari ya Mzee Fabian ilikuwa myekundu kama mibuni ya kahawa wakati wa mavuno. Kuta zake zilinyooka, lipu yake hukutamani kuigusa kwa kidole kichafu, lakini sakafu zilipasuka. Alizivunja, akazimwaga upya, zikapasuka tena. Jumapili baada ya misa kamati ingeamua kama aendelee na madarasa yaliyobaki au kazi apewe mwingine. Na huyu mzee ni baba mdogo wa Theodora, aliyemalizia nyumba yao baba yake alipofariki. Msishangae, Kilema angemkagua nani asiye ndugu?

"Shikamoo, baba mdogo. Hizi sakafu zina nini?"

"Marahaba, mwanangu. Ni saruji ya siku hizi," alijibu akitazama migomba. Maskini, uongo ulimshinda tangu utoto.

Theodora akarudi kwenye jedwali, akazipanga kazi zote kwa tarehe. Sakafu mbovu zikakaa pamoja, zote za kiangazi hiki. Zege changa hutaka kunyweshwa maji kila siku, na bomba la shule lilikuwa limekauka. Maji ya ujenzi yalitoka kwenye mfongo, ule mfereji wa mababu, kwa zamu ya nyumba ya Mzee Fabian. Basi hiyo zamu ilikuwa ikienda wapi?

Jibu alilikuta kihambani kwao, shambani pale nyumbani. Jua lilikuwa limenyausha hata magimbi, lakini miche ya kahawa ya mama yake, Kornelia, ilisimama imenawiri, udongo umelowa.

"Shemeji kanipa zamu yake," mama alisema. "Yetu walituondolea. Hatukwenda msaragambo, ile kazi ya kijiji kizima ya kuzibua mfongo, na mimi goti langu unalijua."

"Mama! Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia, Theo. Ukasema una jedwali."

Theodora akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Aibu ilimchoma, na mapenzi kwa mzee yule yakamjaa mpaka machozi yakamtoka. Kumtaja shemeji yake mjane mbele ya kamati? Mzee Fabian aliona heri aitwe fundi mbovu.

Jumapili ikafika. Theodora alisoma mstari kwa mstari, hadi akafika kwenye wekundu.

"Chanzo?" aliuliza Mzee Sirili, mwenyekiti.

Mzee Fabian, kofia mkononi, alimtikisia kichwa: usiseme.

"Chanzo ni Theodora," akasoma Theodora mwenyewe. "Hakwenda msaragambo."

Akaeleza yote. Mjumbe mmoja akaguna, mwingine akacheka, na kicheko kikauzunguka ukumbi mzima. Mzee Fabian pekee hakucheka. Alikuwa akijifuta macho kwa kofia.

Wakakubaliana: fundi aendelee, shule iombewe zamu yake ya maji, na mkaguzi akairudishe zamu ya nyumba yao kwa jembe.

Jumamosi asubuhi Theodora alikuwa ndani ya mfongo, matope magotini, mgongo unamlilia. Mzee Fabian alitembea ukingoni, mikono nyuma, akitazama kila alipopita. Mahali fulani akasimama, akainama.

"Hapa umeacha tope, mwanangu," alisema kwa upole. "Rudia."