Mbuzi wa Maziwa Hauzwi Mchana

Mtu akifiwa pale Mogogosiek, hasa wale waliotoka upande wa ziwa, alimtafuta Eliakim Owiti kabla ya kumtafuta fundi wa jeneza. Si kwamba Owiti alikuwa hodari wa kuombea wafu. Alikuwa hodari wa mbuzi wa kuchinjwa matangani. Angeweka kiganja juu ya kiuno cha mnyama, abonyeze, amwinue mara moja kutoka chini, kisha aseme, "Kilo kumi na nane, kichwa na matumbo kando." Mbuzi akichinjwa, mizani ilimkubalia. Baada ya hapo ilikuja kazi ya bei, na hapo ndipo wauzaji walipomwogopa. Alikuwa amechochea kuni kwenye boila ya kiwanda cha majani chai kwa miaka ishirini na hakuna aliyemsifu kwa hilo. Sifa zake zote zilitokana na mbuzi wa watu wengine.

Kwa hiyo mkewe, Akeyo, alipompa shilingi elfu ishirini akamnunulie mbuzi wa maziwa, Owiti aliona hiyo ni kazi ya asubuhi moja tu.

Akeyo hakuona hivyo. Pesa zile zilikuwa zake. Alikuwa amechuma chai kwenye shamba la kampuni miaka ishirini na mitatu, mpaka mashine za kuchuma zikaletwa na wanawake wa rika lake wakaambiwa waende nyumbani. Malipo ya kuachishwa kazi yaliezeka upande mmoja wa nyumba na kumlipia Molly, binti yao, karo ya chuo. Zilibaki elfu ishirini na mkono wa kulia ambao haukupanda tena juu ya bega. Ng'ombe hakuwa na mahali pa kumweka, maana ploti yao ilikuwa ndogo, lakini kando ya ua alikuwa na majani ya nepia ya kutosha mbuzi mmoja. Chepngeno mwenye hoteli pale senta alikuwa tayari kuchukua lita mbili kila asubuhi. Akeyo alikuwa ameshapiga hesabu zake zote na kuzimaliza: akipata mbuzi wa lita mbili, hatachuma chai ya mtu tena.

"Baba Molly," alimwambia asubuhi ile akimpa bahasha, "unaenda kununua maziwa. Usiende kununua nyama."

"Mbuzi ni mbuzi."

"Umesikia nilichosema?"

"Nimesikia, mama. Hata viziwi wa Litein wamesikia."

Alielekezwa Chebunyo, kule chini kwenye joto, kwa mama mmoja aliyeitwa Janeffer. Alifika saa sita mchana, jua likiwa utosini. Janeffer alikuwa mwanamke mkubwa, mwenye kitambaa cha kichwa na viatu vya gambuti, na alikuwa akikata matawi ya kulishia pamoja na mwanawe Kiptanui, kijana wa miaka kama thelathini.

"Chamgei," Owiti alisalimia. Kipsigis chake kiliishia karibu na hapo.

"Chamge, mzee. Karibu. Umetoka mbali?"

"Mogogosiek. Nataka mbuzi wa maziwa."

"Basi umekuja vizuri. Kaa kwa kivuli, upate chai. Jioni tutakamua ukiona. Utalala kwa nyumba ya Kiptanui, asubuhi tutakamua tena ukiona. Halafu tuongee bei."

Owiti alicheka. "Mama, mimi sikuja na blanketi. Nionyeshe mbuzi, useme bei, nipande gari."

"Hapa kwetu mbuzi wa maziwa hauzwi mchana," Janeffer alisema, kama mtu anayesema mvua hunyesha. "Mchana kiwele kinadanganya. Lala, uone kwa macho yako."

Hapo Owiti akamjua mama yule, au alidhani amemjua. Katika miaka yake yote ya kununua mbuzi wa matanga alikuwa na sheria moja: usile kwa muuzaji. Mtu aliyekula ugali wa mwenzake, akanywa mursik yake, maziwa ya mgando ya kibuyu, na kulala chini ya paa lake, huamka hana ulimi. Utaanzaje kumwambia mbuzi wake ana kikohozi, ilhali bado unacheua sukuma wiki yake? Aliona mtego umetegwa waziwazi, tena kwa tabasamu.

"Chai nimekunywa," alisema. Hakuwa amekunywa. "Nionyeshe tu."

Banda lilikuwa limeinuliwa kwa mbao, sakafu yake ina nafasi za kudondosha mavi. Ndani mlikuwa na mbuzi watano wa gredi, wa mbegu ya kizungu. Janeffer alimtoa mmoja wa rangi ya majivu, mwenye mifupa ya nyonga iliyochomoza kama pembe za meza. Mgongo wake ulikuwa kisu. Kiwele kilining'inia kimekunjamana, kama soksi iliyovuliwa.

"Huyu ndiye maziwa," Janeffer alisema. "Lita mbili na nusu. Siku ya majani mazuri, tatu. Asubuhi tumemkamua, ndiyo unaona ako hivi."

Owiti aliweka kiganja. Hakukuwa na kitu cha kubonyeza. "Mama, huyu ni mgonjwa."

"Anakula kuliko wote. Chakula chake kinaenda kwa kiwele, hakiendi kwa mgongo."

"Ngapi?"

"Nimekuambia bei ni kesho."

"Sema tu. Bei haiumi."

Janeffer alimtazama mwanawe, kisha akasema kwa kusitasita, "Ya kusema saa hii ni elfu ishirini."

Elfu ishirini kamili! Owiti alihisi bahasha ikimchoma mfukoni, kana kwamba mama yule ameiona ndani ya koti. Macho yake yalikuwa yameshaenda kwa mwingine, wa kahawia, mwenye mgongo mpana, manyoya yanayong'aa na kiwele cha duara kilichojaa tele. Alimwendea, akabonyeza kiuno. Nyama. Akamwinua, akaguna kwa raha. Halafu, kwa kuwa aliambiwa ni maziwa, akashika na kiwele. Kilikuwa kigumu, kimejaa.

"Na huyu?"

"Huyo si wa maziwa, mzee."

"Na hiki ni nini? Maembe?"

"Hiyo ni nyama. Kiwele chake kiko hivyo asubuhi, kiko hivyo jioni. Ukikamua unapata kikombe. Amezaa mara moja, nikamwona hana maziwa. Nimemweka wa kuchinja."

Owiti alitabasamu kwa ndani. Ndivyo wanavyofanya, alijiambia. Mbuzi mzuri anafichwa kwa kusemwa vibaya, ili mgeni alipe bei kubwa kwa yule mwembamba. Yeye mwenyewe alikuwa amesema vibaya mamia ya mbuzi wazuri, akijua ni wazuri. Hakuwahi kukutana na mtu aliyesema vibaya mbuzi wake mwenyewe kwa sababu ni kweli.

"Wa kuchinja ngapi?"

"Kumi na tano. Kwa kilo zake."

"Kumi."

"Mzee, unamtaka wa kuchinja?"

"Hiyo wachia mimi. Kumi."

Walivutana. Owiti alienda mpaka langoni mara mbili, mara ya pili akafungua na kamba ya lango. Janeffer hakumwita, Kiptanui ndiye aliyemwita. Wakamaliza kwa elfu kumi na mbili na mia tano. Owiti alikuwa akihesabu noti wakati Janeffer alipoweka mkono wake juu ya hizo noti.

"Kiptanui," alisema, "wewe umesikia nikimwambia huyu mzee mbuzi huyu hana maziwa?"

"Nimesikia."

"Mzee, na wewe umesikia?"

"Mama, pokea pesa," Owiti alisema. "Nyinyi mnapenda ushahidi kama mko kortini."

Alirudi nyuma ya pikapu ya makabeji, mbuzi miguuni pake, akipiga mluzi njia nzima.

Akeyo alikuwa amefagia banda na kutandika nyasi. Alimzunguka mbuzi mara mbili. Alifurahi, hilo Owiti hakulisahau baadaye: alifurahi kweli, akamkwaruza mbuzi katikati ya pembe na kumwita majina ya kubembeleza kwa Kijaluo. Kisha Owiti akamwekea mkononi elfu saba, zilizobaki baada ya nauli.

"Ni za nini?"

"Nimekubakishia. Walitaka ishirini."

"Nilikuambia unibakishie?" Lakini alikuwa akicheka.

Asubuhi alikamua kikombe kimoja. Hakikujaa.

"Ni safari," Owiti alisema. "Hata wewe ukirushwarushwa na makabeji utakauka."

Siku ya pili kikombe. Siku ya tatu kikombe. Owiti alinunua pumba na chumvi ya mifugo kwa zile elfu saba, akamlisha kwa mkono wake mwenyewe. Mbuzi akanenepa. Kiwele kilibaki vilevile, cha duara, kizuri kutazamwa. Chepngeno alituma mtu kuuliza lita zake mbili ziko wapi, akatuma tena, halafu akaacha kutuma.

Jioni ya siku ya tisa, Akeyo akiwa bado amechuchumaa na kikombe chake, aliuliza, "Huyo mama alikuambia mbuzi anatoa ngapi?"

Na Owiti, ambaye hakuwa mwongo ila wakati wa kununua, alisema, "Lita mbili. Amenidanganya."

Neno lilitoka upesi, na likishatoka halikutaka kurudi. Akeyo alikasirika kwa niaba yake. Alimtukana Janeffer kwa majirani na kwa wanawake wa kanisani. Joab, jirani yao aliyefanya kazi na Owiti kwenye boila, alisema mwanamke wa namna hiyo apelekwe kwa chifu. "Hata wewe, Owiti! Mkono ni mizani, na bado wamekupata!" Owiti alitazama viatu vyake. Kila siku uongo ule ulipata mtu mpya wa kuubeba, mpaka Akeyo akamwambia, "Nenda umrudishie mbuzi wake. Au twende wote."

"Nitaenda mimi," alisema haraka.

Alienda bila mbuzi. Njiani alijipangia maneno: angeongeza pesa, angekopa kwa Joab, angechukua yule wa majivu hata kwa ishirini, na Akeyo angeona tu lita mbili na nusu zikitoka. Hakuna ambaye angehitaji kujua zaidi.

Janeffer alimkaribisha kama mtu asiye na deni naye. Safari hii Owiti alikaa kivulini na kukubali chai. Ilikuwa nzito na tamu. Alikunywa mpaka nusu kabla ya kuuliza.

"Yule mwembamba yuko wapi?"

"Alienda wiki iliyopita. Mama mmoja wa Sigowet, mjane. Alilala hapa, akaona jioni, akaona asubuhi."

"Alilipa ishirini?"

"Kumi na saba."

Owiti aliweka kikombe chini. "Alikushusha mpaka kumi na saba?"

"Hakunishusha. Hakusema kitu." Janeffer aliona hajaelewa, akaeleza polepole, kama anavyoelezwa mgeni. "Mtu akilala kwako na akinywa maziwa ya mbuzi wako, si mgeni tena. Huwezi kumwitisha bei ya njiani. Utaona aibu. Mimi mwenyewe ndiye nilishuka. Hata wewe ningekushukia. Ndiyo nikakuambia lala."

Mbuzi watatu waliobaki walitafuna matawi yao. Kiptanui alimuuliza kama yule wa kahawia walimchinja, na kama nyama ilikuwa nzuri.

"Bado," Owiti alisema.

Hakuulizia mbuzi mwingine. Watatu wale hawakuwa wa kuuzwa, na hata kama wangekuwa, ulimi wake ulikuwa umekwama. Alimalizia chai, akashukuru, akaenda kungoja gari.

Akeyo alikuwa mlangoni akichambua maharagwe. "Amesemaje huyo mwizi?"

Owiti alivua kofia. Alibaki amesimama. "Si mwizi. Aliniambia. Alisema mbuzi ni wa kuchinja, maziwa yake ni kikombe. Alisema mara mbili, na mwanawe akisikia."

Mkono wa Akeyo ulisimama juu ya ungo. "Alisema kwa lugha yao?"

"Kwa Kiswahili."

"Na ulielewa?"

"Nilielewa."

"Sasa kwa nini?"

Alitaka kumwambia habari za mgongo, na kilo, na lango alilofungua mara mbili. "Nilidhani ananichezea bei," alisema.

Akeyo hakupiga kelele. Angepiga, Owiti angejua pa kushika. Aliondoa punje moja mbovu, akaitupa kwa kuku. "Wiki mbili namtukana mama wa watu," alisema. "Wewe ukinitazama."

Asubuhi ya Jumatatu alitoka na kikapu mgongoni kabla Owiti hajamaliza kufunga kamba za viatu. Kipkurui, mwenye ekari mbili za chai juu ya senta, alikuwa akitafuta watu wa kuchuma kwa kilo. Mlangoni Akeyo alisema neno moja tu: "Nenda kwa Chepngeno. Mwambie wewe mwenyewe maziwa hayatakuja."

Alienda. Hoteli ilikuwa imejaa watu wa chai ya asubuhi. Chepngeno, mikono ikiwa na unga wa mandazi, alimsikiliza, kisha akauliza alichouliza kila mtu: "Kwani alikuwa mbuzi wa pesa ngapi?"

"Kumi na mbili na mia tano."

"Mbuzi wa gredi, mkubwa vile?" Mwanamume mmoja aliyekaa karibu na dirisha aligeuka, akapiga meza kwa kofi. "Ai, mzee Owiti! Hiyo ni bei ya bure! Kuja tukununulie chai, utufundishe."

Wengine walicheka, wakasogea wampishe kwenye benchi. Nyuma ya kichwa cha yule mtu, dirishani, mteremko wa chai ya Kipkurui ulionekana wote, na wachumaji wakiwa wameshaenea mistarini. Mmoja wao alikuwa akichuma kwa mkono wa kushoto tu, na alikuwa ameachwa nyuma na wenzake.

"Kaa basi, mzee," Chepngeno alisema.

Owiti aliendelea kusimama.