Paa Lililonyimwa Moshi

Paa la shangazi yangu Adelfina lilianza kuoza siku moshi ulipotolewa ndani ya nyumba yake, na aliyeutoa ni Protasi, mwenyekiti wetu wa kijiji. Nalisema hili mwanzoni kabisa, maana wapo watu hapa Keza wanaopenda kusema paa lile lilioza kwa mvua. Mvua ilikuwapo tangu enzi za babu zetu, na mapaa yao hayakuoza.

Nyumba ya msonge ina utaratibu wake. Moto unakaa katikati, juu ya mafiga matatu, wala hauzimwi; usiku unafukiwa majivuni, alfajiri unaamshwa. Joto linabaki kwa watu, moshi unapanda kwenye nyasi. Moshi huo ndio unaokausha paa likinyeshewa, ndio unaofukuza mchwa, ndio unaopaka nyasi masizi mpaka zinakuwa ngumu kama ngozi. Mchana wa kiangazi ukiingia humo unapokewa na ubaridi mtamu, na usiku wa ukungu unasahau kwamba uko mlimani. Mtoto yeyote wa Keza anayajua haya. Protasi alizaliwa ndani ya nyumba kama hiyo.

Kisha wakaja wakimbizi, mwaka tisini na nne na ule uliofuata, na vilima vikanyolewa. Miti ikaisha, nyasi za kuezekea zikaisha. Sina ugomvi na mtu anayekata nyasi kwa sababu mtoto wake anatetemeka. Ugomvi wangu ni na waliokaa kwenye viti. Mkimbizi alipewa shitingi, lile turubai la plastiki la bluu, akajifunika. Sisi wenye vilima tukapewa semina.

Semina yenyewe aliileta bwana Audax, afisa wa mradi mmoja wa kuni. Akatuambia kila nyumba ijengewe jiko jipya la udongo, lenye bomba la kutoa moshi nje ukutani, kwa sababu linakula kuni chache. Hilo lilikuwa kweli. Kisha akaongeza kwamba kijiji kitakachoondoa mafiga yote kitaletewa mabati, na nyumba ya mfano itakuwa ya mwenyekiti. Nikamtazama Protasi. Alikuwa anameza mate.

Nikasimama. Nikauliza: moshi ukienda nje, nyasi zitakaushwa na nini? Na zikioza tutaezeka kwa nini, na vilima viko uchi? Audax hakujua, na hakujifanya kujua. Akamgeukia mwenyekiti amjibie. Neno moja tu lilihitajika pale. Protasi akacheka.

"Huyu Leonidasi," akamwambia mgeni, "hata jua likichomoza anapinga. Tuendelee."

Watu wakacheka naye. Kila mmoja alishaanza kuyasikia mabati yakilia juu ya kichwa chake.

Mimi nilikuwa nakumbuka jambo jingine. Mwaka sabini na nne, wakati wa kuhamishiwa vijijini, shangazi aliteremshwa kutoka kilimani kwake na mgambo. Kijana aliyepanda juu ya paa akaling'oa kwa jembe alikuwa Protasi huyu huyu, wakati huo ndevu hazijamwota. Wengine wamemsamehe. Mimi sikuombwa msamaha, kwa hiyo sijui ningetoa nini.

Alipokuja safari hii kusimamia uvunjaji wa mafiga, jembe begani, shangazi alikuwa mlangoni. Ni mjane, mfupi, na mafiga yale alitoka nayo kwa mama yake alipoolewa. Protasi akamwamkia shikamoo kwa adabu zote. Shangazi hakuitikia marahaba.

"Hilo jembe, Protasi, ni lile lile?"

"Ni maendeleo, mama."

"Hata ile mara ya kwanza uliniambia hivyo."

Kisha akayaviringisha mafiga mwenyewe hadi nyuma ya nyumba, akayafunika majani ya migomba.

Jiko jipya liliwaka vizuri kiangazi chote, ila joto lake lilifungiwa ndani ya udongo kama mahabusu. Chungu kilichemka na shangazi akatetemeka. Mvua za vuli zilipoanza, paa halikuwa na cha kulikausha. Likaota kuvu, likaingiwa na mchwa, likaanza kudondosha vipande ndani ya mboga. Mwisho likavuja juu ya jiko lenyewe, na lile jiko la udongo likalainika, likainama, likawa tope. Shangazi akalala kwenye kona moja iliyobaki kavu, na kona hiyo nayo ilikuwa inapungua. Nyasi za kumwezekea hazikupatikana Keza nzima.

Nikaenda kwa Protasi. Mabati yake yalikuwa yanang'aa. Akaniambia mabati ya wengine yatakuja awamu ijayo, na kama tuna haraka, nyasi ziko Biharamulo, tukakate. Alisema hivyo akitabasamu kama mtu anayejua kwamba Biharamulo si kwa jirani. Wakati anatabasamu nikasikia harufu ya moshi. Nikapita nyuma ya nyumba yake kabla hajanizuia.

Msonge wake wa zamani ulikuwa bado umesimama. Moshi ulikuwa unachujika kwenye nyasi zake polepole, kama jasho. Ndani kulikuwa na mafiga matatu na moto, na vitanda. Mkewe, Tecla, hakuona haya. Akasema mabati mchana yanawachoma, usiku yanawagandisha, kwa hiyo wanalala humo.

Nilitaka kwenda kupiga kelele mkutanoni. Shangazi akaninyamazisha, akauliza wageni wa mradi watakuja lini kukagua. Siku hiyo ilipofika akaniambia nimbebee mafiga. Nikayabeba.

Kwetu, mwanamke akiinjika chungu juu ya mafiga yake, hatolewi mpaka chakula kiive. Ukimtoa, umemfukuza mama yako, na siku ukifa hakuna atakayeshika jembe kukuchimbia. Shangazi aliingia msonge wa Protasi, akapanga mafiga yake kando ya yale ya Tecla, akaazima moto, akainjika maharage. Yalipokaribia kuiva akamimina maji ya baridi na konzi nyingine ya maharage makavu. Tecla aliona, akamletea kuni. Protasi alizunguka mlangoni kama kuku aliyepoteza mayai.

Gari likafika. Audax alifuata moshi kama nilivyoufuata mimi, akainama mlangoni, akahesabu mafiga sita nyuma ya nyumba ya mfano.

"Mama, unafanya nini hapa?"

"Nasubiri maharage yaive," shangazi akasema. "Hayataiva mpaka paa langu lirudi."

Audax akamuuliza mwenyekiti maana yake nini. Protasi alimtazama mkewe, akamtazama shangazi, akanitazama mimi, na hapakuwa na aliyecheka.

"Nyasi zisipopata moshi zinaoza," akasema.

"Ulijua?"

"Kila mtu anajua."

Audax alirudi kwenye gari bila kuaga. Sikumhurumia. Mtu akiulizwa swali mbele ya mkutano mzima asikae akingojea jibu la anayengoja mabati.

Kesho yake, maharage yakiwa bado hayajaiva, Protasi alipanda juu ya msonge wake akaufumua. Nyasi zilizokula moshi miaka na miaka haziharibiki. Unazifunga upya zinaendelea. Akazibeba kichwani mzigo baada ya mzigo, masizi yakimchuruzikia shingoni, na watu wamesimama kando ya njia wakimtazama. Aliezeka mwenyewe. Shangazi alikaa chini akimwonyesha panapovuja, kisha akawasha moto wake katikati ya nyumba.

Sasa Protasi analala chini ya mabati yake. Usiku wa baridi tunamsikia akikohoa. Watu wananiambia alikiri, akalipa, basi nimwitikie salamu.

Mafiga ya shangazi nilibeba. Nyasi za Protasi sikushika hata moja, na salamu yake bado siitikii.