Bendera Mahali pa Mlango

Jumanne, saa kumi na moja jioni, siku moja baada ya kuzikwa, mama yake Kia aliingia jikoni kwa mlango wa nyuma akaketi kwenye kiti chake. Kia alikuwa anaosha mchele. Akaongeza kikombe kingine.

"Mbona umerudi, Mama?"

"Njia imekatika pale Larkin. Nimefika niushukuru mlango, hakuna mlango. Bendera tu, kama nguo zilizoanikwa. Na huo mchele, unauosha mara moja tu?"

Mtu wa kabila la Wahmong akifa hurudi nyuma nyumba kwa nyumba, akishukuru kila mlango wa mahali alipowahi kuishi, hadi kijijini Laos, chini ya kitanda ambako kondo lake la nyuma lilizikwa. Asipofika huko, hawaoni wazee waliomtangulia. Fleti za Larkin, huku Marekani, walikoishi Wahmong, Wasomali na Wameksiko, mji ulizibomoa mwaka jana ukajenga Uwanja wa Mataifa, kuwaenzi wakazi wake wa asili mbalimbali.

Kia alimpigia simu Baba Mdogo Nhia Pao, aliyepuliza zumari ya mianzi msibani kumwonyesha marehemu njia.

"Baba Mdogo, si uiruke Larkin tu?"

"Niiruke? Miaka yote ile mmepika pale! Akipotelea huku Wisconsin, utanilaumu mimi."

Alhamisi Kia alikwenda manispaa kuomba mlango mmoja usimamishwe uwanjani, hata kwa saa moja. Ofisa wa utangamano, Bi. Lindqvist, alimsikiliza vizuri.

"Marehemu anakaribishwa sana," alisema. "Milango hairuhusiwi. Atasimama chini ya bendera ya nchi gani?"

"Hatuna nchi."

"Laos, basi?"

"Wanajeshi wa Laos ndio waliomfukuza."

"Thailand?"

"Huko alikaa kambini, ndani ya seng'enge."

"Nitaandika Asia," alisema Bi. Lindqvist.

Jumamosi uwanja ulifunguliwa. Mama alivaa sketi yake ya tarizi, ile aliyozikwa nayo. Meya alimshika mkono, akausifu ushonaji. Mama akamwuliza, kwa Kihmong, mlango uko wapi. Meya akasema asante. Mpiga picha akamsogeza katikati, mbele ya nguzo isiyo na bendera.

Jumapili picha ilitundikwa kwenye barabara ya kuingilia mjini, ukubwa wa basi, na maneno chini yake: Hapa Sote Tuko Nyumbani.

Jumatatu Kia alimnunulia Mama godoro.