Sakafu ya Gari la Mkunga

Fundi aliyezoeleka kwa jina la Milimita aliusukuma mlango wa abiria kwa mara ya nne, na kwa mara ya nne mlango ukagoma. Ulikaribia mahali pake, ukagonga nguzo kwa juu, ukarudi. Akainama kutazama upenyo. Kwa chini kidole kingepita. Kwa juu hata karatasi isingepita.

Alijua papo hapo alichokifanya.

Gari lenyewe lilikuwa dogo, la milango miwili, lenye umri wa miaka hamsini na ushei, mali ya mkunga mstaafu. Kwa gari hilo mama huyo aliwafuata wajawazito majumbani kwao miaka nenda rudi, na watu wazima wengi wa mtaa ule walipita kwenye kiti chake cha nyuma kabla hawajapewa majina. Wiki mbili nyuma alilileta karakana kwa sababu mvua ikinyesha alikuwa akilowa miguu akiwa ndani. Milimita alipofunua zulia alikuta kutu imeila sakafu yote, kuanzia miguuni mpaka chini ya viti. Aliigusa kwa bisibisi, ikazama kama kwenye biskuti iliyochovywa chai. Kiti cha abiria kilikuwa na boliti nne, na mbili kati yake hazikushika chochote.

"Baada ya wiki mbili, siku ya Ijumaa, dada yangu anatoka hospitali," mkunga alimwambia siku ile. "Alivunjika nyonga. Gari la juu hawezi kulipanda, ila hili kiti chake kiko chini, anakaa tu na kugeuka. Litakuwa tayari?"

"Litakuwa tayari, mama."

Sasa ilikuwa Alhamisi, saa tisa alasiri.

Magari ya aina ile hayana fremu ya chini ya kuyabeba. Sakafu ndiyo uti wa mgongo. Ukitaka kuikata, unachomelea kwanza vyuma vya kukingama kwenye nafasi za milango ili bodi isijikunje, unapima, kisha unakata upande mmoja, unauziba, ndipo unahamia wa pili. Milimita alikuwa amewafundisha mafundi wengine jambo hilo mara nyingi, tena kwa sauti ya kujiamini. Lakini Jumatatu asubuhi alisimama mbele ya gari, akaweka kiganja juu ya boneti kama ilivyo desturi yake, akamwomba Mungu amharakishie kazi. Kumwomba amkumbushe hakukumbuka. Kufikia adhuhuri alikuwa amekata pande zote mbili bila kuweka chuma hata kimoja. Bodi ikabonyea katikati kama kitanda cha kamba kilicholegea, naye hakuona. Akachomelea mabati mapya juu ya umbo lililopinda. Mishono ilikuwa mizuri ajabu. Hilo ndilo lililomuuma zaidi.

"Shemeji, huo mlango umekukosea nini?" Alikuwa mdogo wa mkewe, anayeshona viti vya magari upande wa pili wa karakana. "Unaupiga tangu saa nane."

"Haufungi."

"Haufungi, nawe ndiye Milimita? Ngoja dada yangu ajue kwamba aliolewa na Sentimita."

Milimita hakucheka. Alimweleza. Shemeji akatua sindano, akaja kutazama, na utani ukamtoka usoni.

"Basi kwangua mlango kidogo huku juu," alisema. "Chini jaza puti, piga rangi. Mama mwenyewe macho yameanza kumtupa mkono. Hatajua."

"Mlango hauna kosa. Gari zima limejipinda."

"Litatembea?"

"Litatembea."

"Litamuumiza mtu kesho?"

Milimita alifikiri, maana hakutaka kudanganya hata kwa kuongeza. "Kesho, hapana. Lakini likipita kwenye mashimo kila siku, mishono itaanza kuachia. Siku moja mlango utafunguka wenyewe, na sijui ni siku gani."

"Si umesema kesho hapana? Mgonjwa arudi nyumbani, kisha Jumatatu uwaambie kuna kitu kidogo kimebaki, walirudishe. Unarekebisha, yamekwisha. Mimi sikutumi, shemeji. Nakuonyesha tu mlango wa kutokea."

Ulikuwa ushauri wa mtu anayempenda, na ndiyo maana ulikuwa mzito. Milimita alikwenda nyuma ya stoo, kati ya mitungi ya gesi na bawa kuukuu la juu ya gurudumu, akapiga magoti juu ya kipande cha boksi. Hakusikia sauti wala hakuona ishara. Alijaribu tu kuyatamka mbele za Mungu maneno ambayo angemwambia mkunga. "Mama, kuna kitu kidogo," alianza. Kila alipofika hapo alishindwa kuendelea. Akainuka, akakung'uta magoti.

Mkunga alikuja saa kumi, amebeba mto wa kumkalisha dada yake. Milimita hakumkaribisha kiti kwanza. Alimwonyesha mlango, akamwambia kosa lilivyokuwa, tangu Jumatatu, bila kuruka kitu. Mama akapitisha kidole gumba kwenye upenyo, taratibu, juu hadi chini.

"Ulikuwa na haraka."

"Ndiyo, mama."

"Haraka yangu au yako?"

"Yangu. Nilitaka nimalize mapema, unisifu."

Mkunga akakaa kwenye kiti kilichokuwa kikishonwa, mto mapajani. Shemeji akaanza kujitafutia kazi ya kufanya.

"Siku moja mimi nilivuta mtoto akizaliwa," mkunga alisema. "Unatakiwa usubiri, na nilijua. Nilikuwa nimechoka, nikavuta. Akatoka bega limeteguka. Mama yake nilimwambia siku ya tatu."

"Mtoto alipona?"

"Alipona. Mama yake hakunisalimia tena, na sikumlaumu." Akainuka. "Wewe umeniambia leo leo. Nimeliona hilo. Ila dada yangu kesho ataumia njiani, fundi, na sitaki aumie wewe ukiwa hapa unapiga nyundo. Saa nne uwe hospitali."

Saa nne Ijumaa alikuwa pale, amevaa shati safi. Gari alilokodi mkunga lilikuwa la juu kweli. Alimbeba mgonjwa mikononi, bibi mwepesi mwenye macho makali, akampandisha kidogo kidogo.

"Mikono inakutetemeka," bibi alisema.

"Naogopa kukuumiza."

"Ungeogopa Jumatatu."

Njia nzima Milimita alipiga magoti kati ya viti, akiushikilia mto chini ya paja la bibi. Kila shimo alilisikia kwenye viganja vyake kabla ya kumsikia bibi akivuta pumzi. Mara mbili machozi yalimtoka bibi, na hakuna aliyejifanya hakuyaona. Milimita aliomba kimoyomoyo, na safari hii hakuomba haraka.

Walipomlaza kitandani, bibi alimshika mkono wa shati. "Alhamisi ijayo narudi kliniki. Nitapanda nini?"

Jibu "Lile gari" lilikuwa tayari mdomoni. Milimita akalimeza.

"Sijui bado, mama. Nikikata mishono, nikanyanyua bodi na kupima, nitakuja kukwambia kweli yake."

"Hapo umesema," bibi akajibu, akamwachia mkono.

Huko karakana, shemeji alikuwa amekwisha kukata vyuma vinne vya kukingama, amevipanga sakafuni kando ya jeki. "Urefu hakikisha mwenyewe," alisema. "Mimi ni mtu wa viti."

Milimita alivipima kimoja kimoja. Kisha akaitegemeza bodi kwa jeki, akavaa miwani, akalala chini ya gari, akawasha grinda, akaanza kuikata mishono yake mizuri.