Jina Lako Ukutani, Baba

Vumbi la uani kwetu ndilo lilikuwa ubao wako, Baba. Vumbi la kijivu, laini kama unga. Mimi niliyeacha shule darasa la nne nikachume pamba, nilishika kijiti nikakuchorea: Lucious Tolliver. Ukafuata kwa kidole, ulimi nje, jasho puani.

"Baba Verlene, kuku wamekushinda," Mama alicheka. "Wao wanaandika kwa miguu!"

"Basi wakapige kura wao!"

Mwaka ule wa sitini na nne ukaenda kwa karani, ukaomba kuandikishwa kumpigia kura rais. Akakupa kifungu cha katiba ukieleze. Akakukataa, kama alivyotukataa weusi wote, kabla wino haujakauka. Na kama sheria ya Mississippi ilivyotaka, gazeti likalitoa jina lako wiki mbili, kila mwenye shamba aone nani kathubutu.

Lakini nani angekujua? Shamba zima lilikuita Buster. Bwana Hargett mwenye shamba, miaka ishirini, hakuwahi kukuuliza jina.

Ni mimi, Baba. Ni mimi niliyekufichua. Kuta zetu tulizibandika magazeti kuzuia upepo, nami nikakoroga gundi ya unga wa ngano, nikalibandika jina lako karibu na mlango, usawa wa macho. Sikuwahi kuliona jina letu limepigwa chapa. Niliona haya kukuambia ninavyojivunia wewe, nikabandika.

Bwana Hargett akaja kuuliza habari za pamba. Akasimama. Akasoma.

"Buster, huyu Lucious Tolliver ni nani?"

Ungeweza kusema humjui. Ukavua kofia. "Ni mimi, bwana."

"Basi Lucious atafute pa kulala. Kesho nyumba yangu niikute tupu."

Ni mimi, Baba. Pamba tuliyoipalilia ikabaki imefumbuka, nyeupe, ikisubiri mikono ya wengine.

Novemba, kwa shangazi Odessa, redio ikasema Mississippi imechagua: karibu kura tisa katika kila kumi, kwa yule aliyeikataa sheria ya haki zetu.

Shangazi akasonya. "Mississippi gani hiyo? Mbona mimi sijaulizwa?"

Tangu tuhame hukugusa tena kijiti, wala kalamu.

Asubuhi nikaliandika jina lako peke yangu, vumbini, refu, kutoka mlangoni hadi kisimani. Ukatoka na ndoo. Ukaona. Ukapita pembeni, kwenye majani yenye umande, usilikanyage.